Jina Uliloniapisha Nisilitaje

Mama,

Usishtuke. Ni mimi Robhi, mke wako. Najua hukujua kusoma, na mimi ndiye niliyekuwaga nakusomea mpaka maandishi ya kwenye chupa za dawa ya ng'ombe, kwa hiyo sijui hii huko utasomewa na nani. Chagua mtu msiri. Usimpe Mzee Mwita, maana kwa ulivyonisimulia, mume wako huyo hakuwa na kifua cha kuweka siri. Naandika nyuma ya daftari la hesabu la Ghati wetu, nimekaa mlangoni natazama njia, kwa sababu shemeji yako Marwa hajaacha tabia yake ya kuingia bila hodi.

Acha nianze na huyo, ujue nyumba inaendaje. Tangu tukuzike anakuja kila Jumapili akitoka kanisani. Anasema amekuja kutujulia hali. Anapewa kiti, anakunywa uji, anamuuliza Ghati yuko darasa la ngapi, swali lilelile kila wiki, huku macho yako zizini. Yakitoka zizini yanapanda shamba la pamba, yakitoka huko yanashuka mpaka kwenye yale mawe ya mpaka uliyoyasimika mwenyewe. Mimi namtazama anavyotazama. Jumapili iliyopita akasema, "Shemeji, nyumba hii ni kubwa kwa mwanamke peke yake." Nikamwambia mbona ilimtosha Mama kabla mimi sijaja. Akacheka, kicheko cha meno tu. Sikukipenda.

Mengine ni mazuri. Ng'ombe wako mwekundu kazaa ndama jike. Pamba imeota ingawa mvua ilichelewa. Mabinti zako walikaa mpaka matanga yakaisha, wakalia kilio cha haki, wakarudi kwa waume zao. Ghati anaulizaga kama huko uliko unapata ugoro. Nimemwambia unapata.

Sasa jambo lenyewe. Mama, nimevunja kiapo. Lile jina nimelitaja. Nimelitaja mara moja, kwenye sikio moja, mchana kweupe, na nataka ulisikie kwangu kabla wambea hawajakuletea. Hata hapa silitaji, usiogope. Ila kaa usikie yote. Ukikasirika, ukasirike ukiwa umemaliza kusikia.

Siku niliyoletwa hapa Mugeta kutoka kwetu Butiama nilikuwa na miaka kumi na tisa na begi moja. Ulinipeleka kwenye kaburi la Mzee Mwita, ukanishika mkono, mkono wako ulikuwa mkavu na wa moto, ukasema: "Utakayezaa naye nimemchagua mimi. Ana nguvu, hana maneno, ana mke wake na watoto wake ng'ambo ya kilima. Watoto utakaozaa ni wa kaburi hili. Siku jina lake litakapotoka mdomoni mwako, nyumba hii imekufa." Nikaapa. Wala hukunilazimisha kuelewa, nilielewa mwenyewe. Jina likitoka, mwenye damu anaweza kuja kudai mtoto. Akishadai, Marwa atasimama mbele ya wazee aseme nyumba ya ndugu yake Mwita haina mrithi, mali ni yake. Nitabaki mimi na begi langu, na Ghati ataenda kulelewa na mwanamke asiyemjua. Kwa hiyo nilifunga mdomo, na miaka yote nimeufunga.

Na tuliishi vizuri, Mama. Mbele za watu uliniitaga "mke wangu," kwa kujidai kabisa, mkono kiunoni. Tukiwa jikoni uliniita "mwanangu." Nilipojifungua Nyamhanga ulicheza, wewe na mguu wako mbovu, mpaka mkunga akakuomba ukae usije ukamwangukia. Sijawahi kupendwa hivyo na mtu mwingine. Ndiyo maana hili linalofuata linanipa shida kuliandika.

Nyamhanga. Unakumbuka vidole vyake vilivyokuwa vinavimba hata kabla hajatembea? Macho ya njano. Analia ukimgusa miguu, halafu wiki mbili mzima anacheza, halafu tena. Ulisema ametupiwa. Tukaenda kwa mganga, akatuambia ni watu wa ukoo wenye macho na mali yenu. Uliamini hapohapo, na mimi niliamini, kwa sababu Marwa alikuwa anatazama zizi vilevile hata wakati ule.

Halafu wakaja wale watafiti wa kwanza, wale wa magari mawili. Walikaa pale shule ya msingi siku mbili wakipima damu za watoto. Tangazo lao lilifika kwa watu wa kando ya barabara tu. Sisi wa huku ndani tulisikia kwa mtu aliyetoka mnadani, siku ya pili, jua limeshapanda. Tukambeba Nyamhanga kwa kupokezana, wewe kidogo mimi kidogo. Tulipofika kwenye meza, karani akauliza jina la baba. Ukajibu wewe, tena kwa sauti: "Mwita." Yuko wapi? "Amekufa." Alikufa lini? Ukamtajia. Karani akaandika, akatazama tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, akatazama tena alichoandika, akaweka kalamu chini. "Mama, huyu mtoto amezaliwa baba yake akiwa na miaka tisa kaburini?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hawakutucheka sisi, walimcheka yeye, maana nani hapa Mara hajui nyumba ntobhu? Ikabidi mimi nimweleze taratibu, kijana wa watu, alikuwa wa mbali: kwetu mama asiyejaaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe anaoa binti, binti anazaa, watoto wanachukua jina la mume wa yule mama hata kama ni marehemu. Alinisikiliza vizuri tu. Halafu akasema utafiti wao unataka damu ya mama na ya baba, na fomu haina mahali pa kuandika hayo. "Taarifa hazijakamilika," akasema, akaiweka fomu ya Nyamhanga chini kabisa ya zile nyingine. "Kama kuna baba wa kweli, aje."

Hilo la "baba wa kweli" ndilo lililokuchoma. Niliona shingo yako ilivyosimama. Ukamnyakua mtoto, ukatoka, na njia nzima unasema, "Wametumwa na Marwa hao. Hawataki damu, wanataka jina." Nesi wa zahanati alikuja hapa nyumbani mara mbili kutuomba tumpeleke mtoto Musoma. Mara ya pili ulimfungulia mbwa.

Nyamhanga alikufa masika yaliyofuata. Alikuwa na miaka minne.

Mama, nakulaumu. Nimeshindwa kukwambia ukiwa hai, nimeshindwa msibani, nakwambia sasa ambapo huwezi kunijibu, na najua huo ni uoga. Nakulaumu na nakukumbuka kwa wakati mmoja, hata sijui inawezekanaje. Wale wa magari mawili nao nawalaumu, waliokuja na karatasi yenye nyumba za aina moja tu, nyumba nyingine zote zikawa taarifa ambazo hazijakamilika. Na najilaumu mimi kuliko wote. Gari la Musoma lilikuwepo kila asubuhi. Ningeweza kumfunga mgongoni nikapanda. Nilikaa kimya nikajisemea mwenye nyumba amekataa.

Basi. Ulipofariki, Ghati alikuwa ameshaanza kuumwa kama Nyamhanga. Ulimwona, ukanyamaza, na mimi nikanyamaza, tukawa tunatazamana juu ya kichwa cha mtoto. Mvua za mwanzo zilimlaza siku tano, mifupa inamuuma mpaka anang'ata shuka. Na hapo ndipo wakaja watafiti wengine.

Hawa walianza kwa kuitisha mkutano pale ofisi ya kata. Walituma watu mpaka huku ndani, nyumba kwa nyumba, na tangazo likasemwa makanisani. Nilienda ili nijue wanataka nini. Nikakaa nyuma karibu na mlango. Wakasema wanataka kujua juu ya ugonjwa wa selimundu, ule wengine wanauita siko seli, halafu wakauliza: utafiti uliopita uliwaacha nani nje, na kwa nini? Nikasema moyoni, aha, mtego huu hapa. Tangu lini mgeni mwenye gari akauliza alipokosea?

Lakini Mama, sijui nini kilininyanyua. Nilijikuta nimesimama. Nikasema uliwaacha wenye nyumba kama yangu, kwa sababu ya mstari mmoja kwenye fomu, na mwanangu ni marehemu. Halafu mama mmoja wa upande wa mtoni akasema, "Na mimi." Halafu mwingine, na mwingine. Tulikuwa wanne mle ndani, na hatujawahi kulizungumza hata kisimani.

Aliyeandika maneno yetu ni binti wa Kijita kutoka Murangi, anaitwa Nyangeta. Mfupi, mcheshi, anaongea haraka kama wauza dagaa wa kwao. Baada ya wiki chache akarudi na fomu mpya akatuonyesha kabla haijaanza kutumika. Pale palipokuwa na baba pameandikwa mzazi au mlezi. Damu ya baba si lazima tena. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Karatasi inapokea chochote.

Akaanza kuja nyumbani. Mara ya kwanza alileta samaki, furu wakavu kutoka kwao, amewafunga kwenye gazeti. Nikajiuliza, mtu anayekuja kuuliza maswali ana haja gani ya kuleta mboga? Nikampa paka kwanza. Paka akala, akalala, akaamka, akaja kudai wengine. Ndipo nikawapika. Walikuwa watamu, nisiseme uongo.

Mara ya tatu nikamtegea mtego wangu mwenyewe. Nilimwambia nina neno la siri, akae nimwambie, na asimwambie mtu hata mmoja. Nikamwambia baba wa Ghati ni fundi baiskeli aliyekuwaga Nyamuswa, sasa kahamia Geita. Uongo mtupu! Huyo fundi hata hayupo duniani, nimemzaa mimi pale kwenye kigoda. Lakini unajua Mugeta ilivyo, neno hapa halivuki minada miwili halijasambaa. Nikasema nikilisikia kwa mtu yeyote, nimemjua Nyangeta ni nani, na asikanyage tena.

Nikangoja. Nikatega sikio kisimani, nikatega mashine ya kusaga, nikatega kwa akina mama wa kwaya ambao wakipata neno hawalali. Mnada wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Wa tatu nikamchokoza mwenyewe mke wa mwenyekiti, nikamuuliza kama anamjua fundi mzuri wa baiskeli. Akanielekeza kwa fundi. Mama, nilikaribia kukasirika. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kumfumania.

Nikakubali Ghati apimwe, kwa sharti Nyangeta atobolewe kidole kwanza mbele yangu. Akatoa kidole bila hata kununa. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua na watu wenye kelele kama mimi, akasema kaka yake alikufa na ugonjwa huuhuu, na kwao pia walikuwa wanasema amerogwa na wavuvi wenzake wa baba yake. Alivyosema, hakunitazama usoni. Hapo nikamwamini robo.

Na majibu yalirudi. Ulisemaga damu ikitoka mwilini haijawahi kurudi na habari, hii ilirudi. Alikuja na bodaboda, matope mpaka magotini, akakaa kwenye kiti chako, akaniambia polepole, yeye anayeongea haraka siku zote. Ghati ana selimundu. Nilijua. Lakini kujua na kuambiwa ni vitu viwili.

Sasa kila mwezi tunaenda kliniki Musoma. Ana vidonge vya foliki, na ana dawa nyingine kubwa zaidi, anapimwa, anaandikwa. Siku ya kwanza tulipotoka kliniki tulipita madukani Iringo nikamnunulia kandambili nyekundu, akazivaa hapohapo, zile za zamani akazibeba mkononi kama za mtu mwingine. Tangu aanze dawa hajalala chini kwa maumivu hata siku moja. Majuzi nimemgombeza kwa kukimbiza ndama. Nikamaliza kumgombeza nikaingia ndani nikalia.

Ningeishia hapo ningekuwa sijavunja chochote. Lakini kule kliniki nesi alitukalisha wazazi akatufundisha. Akasema huu ugonjwa hakuna anayemtupia mtu. Mtoto anazaliwa nao, nusu anaitoa kwa mama, nusu kwa baba, na mama na baba wenyewe wanaweza wasiumwe maisha yao yote. Wengine walikuwa wanauliza maswali. Mimi nilikuwa nahesabu miaka niliyomchukia Marwa kwa kifo cha Nyamhanga. Hakuhusika. Nimemsamehe kwa hilo. Kwa mengine bado namchunga.

Halafu nikiwa njiani kurudi, tumeshapita Butiama, ndipo likanijia. Nusu yangu iko kwangu. Nusu nyingine iko ng'ambo ya kilima, kwa yule mtu, na yule mtu ana mke na watoto.

Mkewe unamjua, Mama Chacha. Mrefu, mpole, mwenye mwanya. Sijawahi kujua kama anajua. Nilikuwaga nikimwona mnadani napita njia nyingine. Safari hii hakukuwa na njia nyingine, tulikutana uso kwa uso kwenye meza ya chumvi, ana mtoto mgongoni, Chacha, wa miaka mitatu. Kanga ilikuwa imelegea. Akaniomba nimshikie mtoto aifunge vizuri.

Nikampokea. Vidole vimevimba, vimefungwa uzi mweusi wa hirizi. Macho ya njano. Na masikio, Mama! Masikio yale ya kusimama, ambayo ulikuwa ukiyavuta ukisema huyu atasikia mpaka ya Tarime. Nilikuwa nimembeba Nyamhanga. Nikaegemea meza ya watu.

Nikamwambia, "Mpeleke Musoma akapimwe." Akanitazama. Akasema, "Baba yake hataki mambo ya damu. Kwani wewe, huyu mwanangu unamjulia wapi?" Nikamrudishia mtoto wake. Nikarudi nyumbani bila chumvi.

Siku nne, Mama. Siku nne nilikuwa napalilia mstari mmoja mara mbili. Nikisema, jina limetoka, na Ghati anaweza kuondoka hapa. Nisiposema, nimemtazama mtoto akienda alikoenda wangu, na safari hii siwezi kusema sikujua. Nikamshuku kila mtu. Nyangeta labda alinyamazia uongo kwa sababu anangoja ukweli. Mama Chacha labda alinipa mtoto makusudi anione uso. Na kama unataka kujua ukweli, niliyemwogopa zaidi si Marwa wala si yule mtu. Nilikuogopa wewe. Tumelelewa tukijua marehemu aliyevunjiwa kiapo hamwendei mkosaji, anaanzia kwa mtoto. Kila Ghati akikohoa nilikuwa nageuka kutazama kaburi lako.

Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi nyumba hii tumeshaumbuliwa mara moja.

Nikamwita Nyangeta shambani, katikati ya pamba, ambapo mtu akija anaonekana kutoka mbali. Nikamwambia yule fundi baiskeli hayupo. Akasema, "Nilijua, dada. Ulimtaja haraka mno." Mshenzi kabisa! Wiki zote zile namchunguza, naye ananichunguza. Halafu nikamtajia lile jina. Mama, lilitoka dogo. Nilidhani litatoka na kishindo, nilidhani nitaanguka. Nilitazama mikono yake kama itachukua kalamu. Haikuchukua. Nikamwambia kuna mtoto kule, na nikamwambia kwa nini najua.

Akasema hatalipeleka popote. Upande ule wa kilima walikuwa wameupangia mwezi wa mbele, watausogeza uwe wiki ijayo, na wataingia kila nyumba kwa mpangilio, hakuna atakayeona wametumwa. Sikumwamini, bila shaka. Siku yao ilipofika nilipanda juu kwenye mawe ya kilima nikajifanya natafuta kuni. Niliwaona na vizibao vyao vya buluu, watu watatu, wanaanza nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hawakuruka hata kibanda cha yule mzee kiziwi. Walipofika kwa yule mtu walifukuzwa, niliona mkono wake ulivyokuwa unaonyesha njia. Wakaenda nyumba iliyofuata. Na hawajafika mbali, nikaona mwanamke mrefu anawafuata kwa nyuma ya zizi, ana mtoto mgongoni, anakaribia kukimbia.

Wiki iliyopita nilikuwa kliniki na Ghati. Benchi lilikuwa limejaa, na mwisho wa benchi kakaa Mama Chacha. Nilitaka kurudi nje. Lakini Ghati, unamjua, hana mgeni, alishaenda kumshika yule mdogo mkono, wakakaa sakafuni, anamfundisha kuhesabu vidole. Vichwa viwili vimeinamiana. Masikio manne.

Mama Chacha akamtazama Ghati. Akamtazama muda mrefu. Akamtazama mwanawe. Halafu akainua uso akanitazama mimi, na niliona linapita machoni mwake, lote, tangu siku nilipoingia Mugeta na begi langu mpaka mnadani kwenye chumvi. Sikukimbia. Nilisimama pale nikangoja nyumba yako ife mbele za watu.

Akasogea. Akavuta kanga yake, akapiga benchi kwa kiganja mahali palipobaki pengo, akasema, "Kaa, Mama Ghati." Nikakaa. Mabega yakagusana. Akauliza, "Wako anakubali kunywa maji mengi? Wangu hataki." Nikamwambia wangu namchanganyia na ukwaju. Akatikisa kichwa, akasema atajaribu. Hakuuliza jambo lingine, wala mimi sikusema jingine, mpaka tukaitwa.

Sijui amenyamazia nini, Mama. Labda ananionea huruma. Labda anangoja siku yake. Labda amekwishamwambia mumewe, na kuna watu wanapanga kuja. Unanijua, sitaacha kuwaza hivyo. Lakini nakuahidi hivi: siku Ghati atakapodaiwa, nitasimama mbele ya wazee niseme ni wa Mwita, na mimi ni mke wa nyumba hii, na sitatoka. Na siku Chacha akizidiwa na baba yake akakataa kumtoa, nitambeba mimi mwenyewe mpaka Musoma, mchana, kila mtu anaona.

Nimekueleza yote, na kurasa hizi nitazichoma kabla Ghati hajarudi. Pumzika, Mama. Na kama una hasira, usizungukezunguke. Njoo kwangu. Watoto waache wanywe dawa.

Robhi wako,
Mugeta